Kulala vibandani njia ya Marangu: sisi wa Dar tujiandae vipi?

Mwananyamala_Juu:
Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne, wote wa Dar, mwezi wa tisa tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku sita: tunalala Mandara, Horombo mara mbili, Kibo, kisha Horombo tena tukishuka. Mazoezi ya kutembea tunafanya Pugu, hayo hayatusumbui. Hofu yetu ni kulala, maana huku hata shuka ni mzigo. Vibandani kuna nini, na tubebe nini?

Kibosho_Mpole:
Karibuni sana mlimani. Marangu ndiyo njia pekee ya Kilimanjaro ambayo mgeni analala kibandani badala ya hema. Mtakuta vitanda vya mbao, magodoro na mito, kwa hiyo msibebe mkeka. Kila mtu aje na begi lake la kulalia, kwa sababu hakuna kinachopasha chumba joto.

Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kila mita 1,000, hivyo sweta inayotosha Mandara haitoshi Kibo. Mandara imezungukwa na msitu, na adui wa hapo ni unyevu. Ukifika tu, kabla hata ya chai, vua kila kilicholowa jasho, soksi pia, uvae vikavu. Nguo za kulalia zisitumike kutembelea hata siku moja. Zifungeni kwenye mfuko wa turubai. Kiroba hakifai, mvua inapenya kwenye mishono.

Pia msiache chakula wazi. Horombo kuna panya wadogo wenye mistari mgongoni, na kunguru wa shingo nyeupe hawana haya.

Dada_wa_Buguruni:
Vifaa vingi mtapata kwenye mitumba ya soko la Karume, ila kagueni. Lebo ya begi la kulalia mara nyingi ina namba zaidi ya moja. Ile ya chini kabisa ni ya kunusurika tu, siyo ya kulala. Soma ya kulala vizuri, na kwa Kibo iwe angalau nyuzi 10 chini ya sifuri. Likiwa limeshindiliwa kwenye gunia miaka mingi halirudi kuumuka, na bila kuumuka halishiki joto. Likiwa hivyo, acheni, mkakodi Moshi.

Viatu ndiyo mtego mkubwa. Buti la mtumba linaweza kuonekana jipya huku tabaka la katikati ya soli limeoza kwa kukaa tu. Libonyeze kwa kidole gumba, likunje kwa nguvu. Likitoa nyufa au unga, liache hapo hapo, la sivyo soli itabanduka mkiwa njiani. Likipona, tembea nalo wiki kadhaa kabla ya safari.

Mwananyamala_Juu:
Asanteni sana. Mwenzetu anasema tubebe jiko dogo la mkaa la kupashia chumba pale Kibo. Na maji je? Simu?

Kibosho_Mpole:
Jiko hapana, ndugu yangu. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, na dalili zake ni kichwa kuuma na kichefuchefu. Wote mtadhani ni ugonjwa wa mwinuko, na hakuna atakayefungua dirisha. Joto litafuteni kwa chupa ngumu ya maji ya moto, ifungwe barabara, ivalishwe soksi nene, iwekwe miguuni ndani ya begi.

Kibo haina chanzo cha maji, wapagazi wanayabeba kutoka chini. Mwambieni mpishi mapema, mkiwa bado Horombo, kwamba kila mtu anataka lita 3 za usiku wa kilele. Chupa ibebwe kichwa chini, maana barafu huanzia juu na kifuniko kitabaki kikifunguka. Mrija wa mfuko wa maji huganda. Simu na betri za tochi zilale nanyi ndani ya begi, baridi inazimaliza chaji.

Kibo mnaamshwa kama saa tano usiku, mnaanza kupanda saa sita. Pangeni nguo kwa mfuatano wa kuvaa kabla ya kulala, tochi ya kichwani ikae shingoni. Usingizi ukikataa, lala tu utulie.

Mlinzi_wa_Zamu:
Naongeza la afya. Huko juu mtu anaweza kushtuka usingizini kama pumzi imekatika. Hilo ni la kawaida, ila vidonge vya usingizi na pombe huzidisha, msiguse. Wanaotumia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, kipimo cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, baada ya kumwona daktari. Aliyewahi kudhurika na Septrin au SP lazima amwambie daktari huyo. Diamox inakojoza sana na choo kiko nje, kwa hiyo mmezaji apewe kitanda cha chini.

Kichwa kuuma kukizidi, ukatapika, usipande hata hatua moja. Ukiyumba kama mlevi, au ukihema ukiwa umekaa, unashushwa usiku huo huo, msisubiri kupambazuke.

Na nyie mnatoka Dar: homa kali yenye kutetemeka msiisingizie mwinuko, inaweza kuwa malaria. Bebeni vipimo vya haraka viwili vitatu, muulizeni mfamasia namna ya kuvitumia, na mwambieni mwongozaji mapema. Kipimo kikionyesha malaria, mgonjwa anashuka hospitali, hata kama kilele kinaonekana.