Kliniki za sukari Dar: vidonge tunapewa, mtu wa kutuelekeza chakula hakuna!

Wakuu nina hasira, acheni niimwage hapa.

Bi mkubwa wangu ana sukari, hii aina ya pili, tunakaa Mbagala na kliniki anahudhuria hospitali moja hapahapa Dar (jina naliacha, najua siyo wao peke yao). Tangu aanze mpaka leo ushauri wa chakula aliopata ni "mama punguza wanga, acha sembe kula dona", basi, anaitwa mwingine. Na kikaratasi cha kopi kimefifia kimeandikwa brokoli, oti na samaki wa salmoni. Salmoni Mbagala jamani? Sisi tunakula dagaa, matembele, maharage, kunde, na hivyo vyote vinamfaa kabisa mgonjwa wa sukari, ila nani kakaa naye amwambie?

Hakuna aliyewahi kumuuliza anakula saa ngapi, nani anapika, anapakua kiasi gani. Mama wa watu akajua dona ni dawa, akawa anajaza sahani mboga kidogo pembeni, sukari inapaa. Dona lina nyuzinyuzi kuliko sembe sawa, lakini ni wanga vilevile, ukila mlima linapandisha tu. Alivyoona imepanda akaanza kujinyima, asubuhi hali kitu ila kidonge chake cha sukari, glibenclamide, anameza kama kawaida, tukamkuta anatetemeka jasho linamtiririka, sukari imeshuka, ikabidi tumnyweshe maji ya sukari haraka haraka. Ile dawa inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala! Ilikuwa ngumu nini kumwambia asimeze bila kula??

Na asije mtu akaniambia lishe ni jambo la ziada. Uingereza kuna utafiti unaitwa DiRECT, majibu ya mwaka wa kwanza yalitoka 2017, walichukua watu ambao sukari haijazidi miaka 6 na hawatumii insulini, wakawasimamishia dawa za sukari wakawapa mlo maalum wa kalori kama 850 kwa siku, baadaye wakawarudisha taratibu kwenye chakula cha kawaida, muda wote wanafuatiliwa na mtaalamu wa lishe au nesi aliyefundishwa hiyo kazi. Baada ya mwaka 46% sukari imeshuka chini ya kiwango cha ugonjwa na hawamezi dawa. Sisemi mtu akaige nyumbani, bila usimamizi ni hatari, nasema wale walikuwa na mtu wa kuwafuatilia na sisi hatuna.

Sasa pengo hilo wamelijaza wauza unga wa "kuponya kisukari" mitandaoni, wanajiita madokta wa lishe, wanawaambia wazee waache metformin, dawa yao ya sukari, inaniuma sana. Wakati chuo kikuu cha SUA pale Morogoro wanasomesha watu lishe mpaka digrii!

Daktari simlaumu, foleni inaishia nje. Ila siku ya kliniki awepo afisa lishe, akae na mgonjwa hata nusu saa, waongee chakula cha nyumbani kwake na hela aliyonayo, arudi tena aangaliwe, na bima ilipie kama inavyolipia vidonge.

Anayejua kliniki Dar yenye mtu wa lishe wa kukaa naye hivyo aitaje hapa na gharama yake. Wauza unga msije inboksi.