Meli ya Mediterania au treni za Italia? Mama ana magoti mabovu

Nyota_ya_Asubuhi

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa waliokwisha kwenda, maana nyumbani tumegawanyika na muda wa kulipia unakaribia.

Tuko wanne: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa kiume wa miaka 9, na mama yangu mzazi aliyetimiza 71. Tuna wiki mbili mwezi wa tisa. Mama ana haja moja tu, na amekuwa nayo tangu mimi niko mdogo: kuingia Basilika la Mtakatifu Petro kule Vatikani, Roma, akasali humo bila kuharakishwa na mtu. Anatembea, lakini ngazi zikizidi ishirini inabidi akae chini, na akichoka sana leo, kesho hatoki kitandani. Mume wangu anataka Venice. Mtoto ameona picha ya meli yenye bwawa la kuogelea juu kabisa, tangu siku hiyo haelewi lingine.

Mpango wa kwanza ni meli ya usiku saba: Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia (bandari ya kwendea Roma), Napoli, Malta, halafu inarudi Barcelona. Chumba na chakula vimo ndani ya nauli, masanduku unafungua mara moja. Mpango wa pili ni nchi kavu: Roma, Florence na Venice kwa treni, hoteli tatu. Nimepiga hesabu mara nyingi na kila mara meli inatoka nafuu. Lakini moyo hautulii. Kwa meli tutakuwa tumefika Roma kweli, au tutakuwa tumepita jirani?

Nijibuni kwa kina, tafadhali. Huenda hii ndiyo safari ndefu ya mwisho mama kuiweza.

---

Reli_na_Ramani

Dada, mimi nasema nchi kavu bila kusita, na sababu umeshaitaja mwenyewe: mama anataka kusali bila kuharakishwa. Meli ni saa. Kila kitu kule kinaendeshwa na saa.

Angalia hesabu ya Roma peke yake. Meli haifiki Roma. Inafika Civitavecchia, bandari iliyo kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini. Tuseme imefunga gati saa moja asubuhi na inaondoka saa moja jioni. Mpaka mshuke, mpande basi la bandari, mfike kituo cha treni, msafiri karibu saa nzima, saa nne hiyo. Jioni mnatakiwa muwe melini kabla ya muda wa kuondoka, na hakuna mtu mwenye akili anayekubali kupanda treni ya mwisho mwisho, kwa hiyo saa tisa mnaanza kurudi. Mmebaki na saa tano. Toa foleni ya ukaguzi wa usalama pale uwanja wa Mtakatifu Petro, toa chakula cha mchana, toa mapumziko ya magoti. Kimebaki nini?

Florence ni hivyohivyo. Ukiona meli imeandika "Florence", soma mstari wa chini: ni Livorno, na treni kutoka pale ni kama saa moja na nusu. Na kuhusu Venice ya mumeo, tangu Agosti 2021 meli kubwa zimezuiwa kupita mfereji wa Giudecca mbele ya mji. Safari nyingine zinazouzwa kwa jina la Venice hufunga gati Ravenna, na kutoka hapo ni zaidi ya saa mbili kwa basi.

Kwa reli ni raha. Roma hadi Florence ni saa moja na nusu, Florence hadi Venice ni saa mbili na dakika chache. Tena sikiliza hili, kwa sababu wengi hawalijui: kwenye vituo vikubwa vya Italia kuna huduma inaitwa Sala Blu. Ni ya wasafiri wenye shida ya kutembea, haina malipo. Unawapa taarifa mapema, wanampokea mama kituoni na kiti cha magurudumu, wanampandisha behewani, na anakoshuka anakuta wenzao wanamsubiri. Nimeona kazi yao kwa macho, wana heshima.

---

Baharia_Mstaafu

Mwanangu Nyota, nimesoma swali lako polepole, na huyo aliyetangulia amesema kweli kuhusu saa. Mimi nimetumikia meli za abiria kwenye bahari hiyohiyo, upande wa vyumba, miaka mingi. Nimewahudumia wazee wa umri wa mama yako na zaidi. Kwa hiyo nitakwambia ninayoyajua, na si ya kuisifia meli.

Watu wanauliza "meli au nchi kavu". Ukiwa na mzee, swali la kwanza ni jingine: kila mahali meli inapofika, abiria wanashukaje? Kuna bandari meli inaegesha ubavu kwenye gati, mama anashuka kwa daraja lenye vishikio na yuko nchi kavu. Kuna nyingine meli inabaki nje, watu wanateremshwa kwa boti ndogo. Boti inapanda na kushuka na wimbi, na lazima mtu apige hatua yeye mwenyewe kutoka melini hadi botini. Mabaharia watamshika mkono, lakini bahari ikichafuka kidogo, mwenye magoti mabovu au kiti cha magurudumu anaambiwa abaki. Nimewaona wamama wakikaa dirishani siku nzima wakitazama kisiwa walichokilipia. Inaumiza.

Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki, ndiyo mfano mkubwa. Boti inakushusha chini ya jabali, mji wa Fira uko juu kabisa. Kupanda ni kwa vibehewa vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, au punda, au ngazi karibu 600. Siku zenye meli nyingi foleni ya vibehewa ni ndefu kwenda na kurudi. Mwezi wa saba na wa nane kuna ule upepo wa kaskazini Wagiriki wanauita meltemi, na nahodha akiona hatari anaruka bandari, mnaendelea na safari. Hapo hamrudishiwi nauli, kwa kawaida kinachorudi ni ada ya bandari tu.

Njia uliyochagua wewe, ya magharibi, ni nzuri kwa mama yako. Barcelona, Marseille, Genoa, Napoli, kote huko meli kubwa hufunga gatini. Napoli unashuka katikati ya mji, ngome ya Castel Nuovo iko mbele yako. Na Malta! Mwambie mama aamke mapema siku ya Malta. Meli inapoingia Bandari Kuu ya Valletta kuta za mawe ya rangi ya asali zinakuwa pande zote mbili, karibu kiasi kwamba unaona watu wanaanika nguo. Sijawahi kuchoka na ile asubuhi. Halafu kutoka gatini hadi mjini hapandi ngazi: kuna lifti ya Barrakka, mita 58, inamtoa chini bandarini na kumweka bustanini juu, penye viti na kivuli.

Pompeii, ule mji wa kale uliofukiwa na volkano karibu na Napoli, pia usiiogope. Mawe ya barabara zake ni mabaya kwa magoti, lakini kuna njia iliyosawazishwa kwa ajili ya wasiotembea vizuri, inaanzia upande wa lango la Anfiteatro. Kateni tiketi kabla, maana siku hizi wameweka ukomo wa wageni 20,000 kwa siku.

Sasa Roma. Hapo nakubaliana na mwenzangu kabisa: Roma ya siku moja kwa huyo mama, hapana. Lakini mbona mnaitafuta Roma kupitia meli? Zipo kampuni ambazo meli yake ni mzunguko, na abiria anaruhusiwa kuanzia bandari yoyote kati ya hizo. Waulize wakala kama mnaweza kupandia Civitavecchia badala ya Barcelona. Wakikubali, mnatua Roma kwa ndege, mnakaa siku nne au tano, mama anasali siku mbili mfululizo akitaka, ndipo mnakwenda kupanda meli. Na ile siku ya Civitavecchia inayowasumbua inageuka kuwa siku ya kupanda na kushuka, hampotezi kitu.

---

Nyota_ya_Asubuhi

Shikamoo mzee. Nimesoma hili jibu kwa sauti sebuleni. Mama aliposikia "siku mbili mfululizo" alicheka mpaka akavua miwani. Sikujua kabisa kwamba mtu anaweza kupandia katikati ya mzunguko.

Reli_na_Ramani, asante sana kwa Sala Blu, nimeiandika pembeni. Maswali yangu yaliyobaki: gharama zilizojificha melini ni zipi? Chumba gani kinafaa? Na viza je, kama wote wanne tunahitaji ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya? Mume wangu bado ananikumbusha Venice kila nikifungua kompyuta.

---

Karani_wa_Viza

Dada, kuhusu viza nitakuwa mfupi. Kwa njia hiyo ya Hispania, Ufaransa, Italia na Malta mko ndani ya Schengen wakati wote. Lakini wakala akiwabadilishia ratiba ikaingia Uturuki, Montenegro au Tunisia, mnakuwa mmetoka nje, na kurudi mnahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Hakikisha hilo limeandikwa kwenye maombi tangu mwanzo. Kroatia si tatizo tena, iliingia Schengen Januari 2023.

Mnaomba ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa mpango wa mzee hapo juu ni Italia. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, mtoto wa miaka 9 ni euro 45, tangu Juni 2024. Bima ya safari isipungue euro 30,000 ya matibabu. Kwa mama mimi ningesoma maneno ya bima kwa makini, hasa kuhusu magonjwa aliyonayo tayari na kama inagharimia kutolewa melini akizidiwa. Ambatisha ratiba kamili ya meli yenye majina ya bandari na tarehe, si risiti ya malipo peke yake. Na kampuni ya meli inakagua hati mlangoni: msipokuwa na viza sahihi mnaachwa gatini, na fedha imekwenda.

---

Baharia_Mstaafu

Marahaba mwanangu, msalimie mama.

Gharama: kampuni nyingi hukata bakshishi ya wahudumu kila siku kwa kila abiria, na mara nyingi mtoto naye anahesabiwa. Vinywaji, na kwenye baadhi ya meli za Ulaya hata maji ya chupa mezani, hulipiwa. Intaneti ni ghali. Ziara za meli ni ghali kuliko kwenda wenyewe, lakini zina faida moja kubwa: ziara ya meli ikichelewa, meli inasubiri. Ukichelewa kwa treni yako mwenyewe, meli inaondoka, na kuifuata bandari ya mbele ni juu yako. Kwa hiyo Napoli na Valletta nendeni wenyewe, mji uko pale pale. Marseille gati liko mbali na bandari ya zamani, chukueni basi.

Chumba: ombeni cha katikati ya meli, sitaha ya chini au ya kati, huko mtikisiko ni mdogo. Kiwe karibu na lifti lakini kisiwe kimeigusa, usiku mtasikia milango. Meli kubwa zina urefu wa zaidi ya mita 300. Mzee akipewa chumba cha mkiani na chakula kiko mbele, ametembea Roma nyingine kabla hajashuka. Vyumba vyenu viwe jirani, na vyumba vichache vyenye bafu lisilo na kizingiti huisha mapema kuliko vingine vyote. Uliza hilo leo, kabla ya bei.

Kuhusu Venice, naomba mumeo anivumilie. Ina madaraja yenye ngazi kila kona, na kwa mama itakuwa siku ya kusubiri. Kama mna usiku mbili zilizobaki mwishoni, mkishashuka Civitavecchia, mama na mjukuu wake wapumzike Roma na wewe, yeye apande treni ya asubuhi. Ni kama saa nne kwenda.

---

Reli_na_Ramani

Chini ya saa nne kwa treni za moja kwa moja, mzee, lakini hilo la kugawana nimelipenda. Akienda akalale huko usiku mmoja ni bora zaidi: wageni wa mchana wakishaondoka jioni, Venice inakuwa mji tofauti. Na akilala hotelini halipi ile ada ya wageni wa siku moja iliyoanza 2024, ila ajiandikishe kwenye mfumo wao kupata msamaha.

Nyota, ukifika Roma ukumbuke kwamba Jumatano asubuhi Papa akiwa na katekesi yake uwanjani, basilika haliko wazi kwa wageni mpaka mchana. Pangeni siku nyingine ya kwanza. Kuingia ndani hakuna malipo, na mkiwa langoni mapema asubuhi foleni ni fupi. Msimpeleke juu kwenye kuba, hata ukipanda lifti zinabaki ngazi zaidi ya 300.

---

Nyota_ya_Asubuhi

Nimetoka kuongea na wakala. Kupandia Civitavecchia kunawezekana, bei haibadiliki. Vyumba viwili jirani sitaha ya nane, kimoja kina bafu lisilo na kizingiti, wamekishikilia mpaka Ijumaa. Mume wangu amekubali Venice ya usiku mmoja na anataka amchukue mtoto. Mtoto anauliza kama treni nayo ina bwawa.

Mzee, swali la mwisho: siku ya kupanda, tufike bandarini saa ngapi ili mama asisimame foleni?

---

Baharia_Mstaafu

Watawapa muda kwenye tiketi, ufuateni. Mkifika mweleze mtu wa kwanza mwenye sare kwamba mama hawezi kusimama sana, wana viti na mlango wa pembeni. Masanduku mkabidhi wapagazi mapema. Dawa zake zote zibaki kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu sanduku laweza kufika chumbani usiku.