Kaunti ya Sumter, jimbo la Georgia, Marekani, kwa gari, siku moja: tuanzie Andersonville au Plains?

Dereva_Mgeni

Wakuu, salaam. Jumamosi ijayo tunashuka Georgia kwa barabara kuu ya I-75 tukitokea kaskazini, na tumetenga siku nzima kwa Kaunti ya Sumter. Tunataka kuona gereza la Andersonville, ambako jeshi la Kusini liliwafunga askari wa Kaskazini wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mji wa Americus, shamba la Koinonia na Plains, kwao Jimmy Carter aliyekuwa rais wa Marekani. Tuko wanne, mmoja ni mzee anayetembelea fimbo na jua kali halimfai. Jioni tunarudi I-75 kupitia Cordele.

Tuanzie wapi? Kipi tukikiacha hatutajuta? Ramani ya simu inasema ndani ya kaunti ni kama maili 40 tu. Ni kweli siku moja inatosha?

KarangaMbichi

Maili ni hizo hizo, saa ndizo zitakazowapunja. Watu huhesabu mwendo wa gari na kusahau kwamba Andersonville peke yake inakula saa tatu.

Anzeni huko. Ondokeni I-75 maeneo ya Perry, piteni Montezuma, kisha shikeni barabara ya 49 kuelekea kusini maili 11. Muwe getini saa tatu asubuhi. Uwanja wa gereza ni nyasi tupu, kivuli hakuna, na kuanzia Mei hadi Septemba saa sita ya pale si ya mzee. Kiingilio ni bure. Makumbusho ya wafungwa wa kivita, yaliyofunguliwa 1998, yana kiyoyozi, kwa hiyo hayo yaacheni mwisho jua likishapanda.

Mkifika uwanjani msishuke hovyo. Barabara ya gari inazunguka gereza lote, na maelezo ya sauti ya kusikiliza mkiwa ndani ya gari yapo, ulizeni makumbusho. Mtaona safu mbili za nguzo nyeupe. Ya nje ndipo ulipokuwa ukuta wa magogo. Ya ndani, kama futi 19 kutoka ukutani, ni mstari wa mauti: mfungwa akiuvuka, mlinzi anapiga risasi. Simameni sehemu mbili tu. Ya kwanza ni lango la kaskazini, lililojengwa upya. Ya pili ni pale kijito kinapokatiza bondeni. Kijito hicho ndicho kinachoeleza vifo. Kambi za walinzi na jiko zilikuwa upande wa juu wa maji, uchafu wote ukateremka hadi kwa watu waliokuwa wakiyanywa. Ekari 26 na nusu, na Agosti 1864 watu zaidi ya 32,000. Kwa miezi 14 walipita wafungwa kama 45,000, wakafa karibu 13,000.

Halafu makaburi. Angalieni jinsi mawe yalivyobanana, mengine karibu yanagusana. Maiti zilipangwa bega kwa bega kwenye mahandaki, na mawe yakafuata. Majina yanajulikana kwa sababu mfungwa mmoja, Dorence Atwater, aliyewekwa kuandika orodha ya vifo, alitengeneza nakala yake kwa siri. Hata hivyo 460 hawana jina. Tafuteni pia makaburi sita yaliyotengwa na mengine: ni ya wafungwa waliowaibia na kuwaua wenzao, wakanyongwa na wafungwa wenyewe 11 Julai 1864.

Angalizo: makaburi hayo bado yanazika. Mkikuta msafara, egesheni pembeni, zimeni redio, subirini.

Reli_na_Vumbi

Nakubaliana na mwelekeo, ila ninaongeza kituo kabla ya geti. Ng'ambo ya barabara ya 49 kuna kijiji cha Andersonville chenyewe. Eneo lilichaguliwa kwa ajili ya reli: wafungwa walishushwa stesheni hapo, wakatembezwa hadi lango la gereza. Mkianzia kijijini mnaifuata njia yao, na umbali unaeleweka. Hapo hapo kuna mnara wa mwaka 1909 wa kumtetea Henry Wirz, kamanda wa gereza aliyenyongwa Washington tarehe 10 Novemba 1865. Usomeni baada ya kuona makaburi, si kabla.

Jina la kambi lilikuwa Camp Sumter, kutokana na kaunti hii. Ngome ya Fort Sumter iko Charleston, South Carolina, msichanganye. Na kuna mtego mwingine: sehemu kubwa ya hifadhi iko Kaunti ya Macon, lakini jiji la Macon liko mbali kaskazini, kaunti nyingine kabisa. Kwenye simu andikeni "Andersonville National Historic Site" kwa ukamilifu, la sivyo mtapelekwa kwingine.

Jambo kubwa la Jumamosi ni treni ya kitalii ya SAM Shortline, inayotoka Cordele kupitia Americus hadi Plains na kitongoji cha Archery. Haitembei kila Jumamosi, kwa hiyo tazameni ratiba. Ikishusha abiria Plains, mtaa ule mfupi unajaa mara moja, kisha unakuwa mtupu tena. Pangeni kuingia ikiwa imeshaondoka. Mwishoni mwa Septemba, siku ya tamasha la karanga, msihangaike na maegesho ya mtaani kabisa.

Dereva_Mgeni

Asanteni sana. Kwa hiyo baada ya Andersonville tunashuka Americus. Koinonia iko njiani au ni kuzunguka? Na Plains tufike saa ngapi?

KarangaMbichi

Andersonville hadi Americus ni maili 10. Kabla hamjaingia mjini kuna uwanja mdogo wa ndege, Souther Field ya zamani. Mwaka 1923 Charles Lindbergh, rubani aliyekuja kuvuka Atlantiki peke yake, alinunua hapo ndege yake ya kwanza, Curtiss Jenny ya mabaki ya jeshi, kwa dola 500, na hapo akaruka peke yake mara ya kwanza. Kuna sanamu yake, dakika kumi zinatosha. Americus kuleni, mtazame hoteli ya Windsor ya 1892 kwa nje, muondoke. Kama ni lazima mpunguze, punguzeni mji.

Koinonia msiikate. Iko kwenye 49 hiyo hiyo, kusini-magharibi mwa Americus. Ni jumuiya ya Kikristo ya wakulima, iliyoanzishwa 1942 na Clarence Jordan na Martin England, Weusi na Wazungu wakala meza moja na kulipwa sawa, Georgia ya wakati huo! Miaka ya 1950 walifyatuliwa risasi, kibanda chao cha kuuzia mazao barabarani kikalipuliwa, na wafanyabiashara wa mji wakagoma kuwauzia hata mbegu. Wakahamia kuuza pekani, aina ya njugu za mtini, kwa posta, na biashara hiyo ipo hadi leo. Mradi wa kuwajengea majirani nyumba ulioanzia hapo ndio uliozaa Habitat for Humanity, shirika la kuwajengea wasiojiweza nyumba, mwaka 1976. Pale wanaishi watu, si makumbusho, hivyo pigeni simu kabla.

Plains fikeni kabla ya saa nane mchana. Anzieni shule ya zamani, ndiyo makumbusho na ofisi ya wageni, nako ni bure. Makaburi ya Carter na mkewe Rosalynn yako kwenye eneo la nyumba yao, kwa hiyo utaratibu wa kuyaona waulizeni hapo shuleni. Kisha stesheni, makao ya kampeni yake ya urais ya 1976, iliyochaguliwa kwa sababu ilikuwa na choo kinachofanya kazi. Malizieni shamba alikokulia Carter huko Archery, maili 2 na nusu magharibi. Limerudishwa lilivyokuwa kabla ya umeme kufika 1938. Mtazame bafu: ndoo yenye matundu imening'inizwa juu.

Usukani_Mwepesi

La barabara tu. Kutoka Koinonia kwenda Plains simu itawapendekezea njia za mkato za udongo mwekundu. Kukiwa kukavu zinapitika. Mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni na gari dogo linaishia mtaroni. Zimeni chaguo la barabara zisizo na lami, au rudini Americus mshike barabara ya 280, maili 10 hadi Plains. Pakueni ramani mapema, mtandao hukatika mashambani.

Kwenye 49 mtakutana na malori ya magogo na ya kaolini (udongo mweupe), na msimu wa mavuno trekta zenye tela. Msilipite trekta karibu na njia ya kuingilia shamba, hukata kushoto ghafla. Georgia imekataza kushika simu ukiendesha tangu 2018. Jua likizama, kulungu wanaanza kuvuka, na 280 kutoka Americus kurudi Cordele ni kama maili 30, hivyo ondokeni Archery kukiwa bado na mwanga.

Bebeni maji na dawa ya usubi, wanaingia machoni. Na mzee asisimame kwenye vichuguu vidogo vya nyasini, sisimizi wekundu wa kule wanapanda mguu wote kabla hajahisi wa kwanza.