Nyanya hataki kusema tulivyofika Freretown. Nimuulize vipi?

Binti_Kengeleni

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri, hasa kwa wenyeji wa Kisauni, Kongowea na Rabai.

Nimezaliwa Freretown, hapo ukishavuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa. Nyanya yangu mzaa mama ana miaka 85 na ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Akili yake ni nzima, macho ndiyo yamepungua. Kila Jumapili bado ataka apelekwe kanisani.

Historia ya kuandikwa naijua. Mwaka 1873 Seyyid Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, baada ya kusukumwa na Waingereza wakiongozwa na Bartle Frere. Mwaka 1875 wamishonari wa Church Missionary Society wakaanzisha makao hapa kwetu kwa watu waliotolewa majahazini na manowari za Uingereza, na mji ukaitwa kwa jina la Frere. Kengele iliyotupa jina la Kengeleni ikilia kuonya watu wakati majahazi ya wafanyabiashara wa watumwa yanapokaribia. Mtoto yeyote wa shule hapa atakutajia hayo.

Nisiyoyajua ni ya nyumbani kwetu. Nani alifika? Alitolewa wapi? Alikuwa mtoto au mtu mzima? Nikimuuliza nyanya hunijibu, "Sisi ni Wamisheni," yaani watu wa misheni, kisha huniuliza kama nimekula.

Mjomba wangu amenikataza kabisa. Yeye alipokuwa shule aliitwa mtoto wa watumwa mbele ya darasa zima, na jambo hilo halijamtoka mpaka leo. Asema sitaki kukuona ukimchokoza mamangu na mambo ya aibu. Namheshimu na uchungu wake nauona. Lakini mwaka jana tumezika wazee wawili wa mtaa waliokuwa wakijua kila nyumba ya zamani ilikuwa ya nani, na sasa nyumba zenyewe zinavunjwa moja moja kupisha ghorofa. Naogopa.

Niache au niendelee? Na kama ni kuendelea, nianzie wapi?

Mama_Mishomoroni

Mwanangu, acha. Mtu mzima akinyamaza miaka 85 ana sababu yake. Mjomba wako ndiye anayemuuguza, wewe utapata hadithi yako uende zako, yeye atabaki na mama anayelia usiku. Mkae naye, mpikie, msomee Biblia. Kama kuna neno, atalisema mwenyewe.

Wa_Rabai

Pole dada. Huku Rabai tunayajua haya, maana kwetu misheni ilianza mapema zaidi, mmishonari Krapf alijenga hapa 1846, na baadaye watu walioachwa huru waliletwa huku pia. Kwetu babu alikataa kusema mpaka akafa. Tulibaki na jina lake la ubatizo tu, ambalo alipewa na mzungu, na hatujui mamake alimwitaje. Mimi sikubaliani na Mama Mishomoroni, ingawa namwelewa.

Jambo moja ulichunguze kabla ya yote: si kila Mmisheni alitoka moja kwa moja jahazini. Wako walioitwa Wabombei. Hao walikombolewa wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakasomeshwa huko mji wa Nasik, ndipo wakarudishwa huku kuwa walimu, mafundi na wahubiri. Matthew Wellington alikuwa mmoja wao. Alikuwa miongoni mwa waliobeba mwili wa Livingstone, yule mmishonari na mpelelezi, hadi pwani, na aliishi Mombasa mpaka kufa kwake 1935. Familia za Wabombei na familia za walioshushwa hapa hapa hazina masimulizi ya aina moja. Ukijua nyinyi ni upande gani, hata maswali yako yatabadilika.

Mtunza_Daftari

Nimefanya kazi ya kumbukumbu miaka mingi, kwa hivyo nitazungumzia makaratasi.

Anzia kanisani, Emmanuel, Freretown. Nenda ofisini kwa adabu, ukiwa na barua au na mzee wa kanisa anayekujua, uombe kuona daftari za ubatizo na za ndoa. Usiende na swali la "babu yangu alikuwa mtumwa wa nani." Nenda na jina na mwaka wa kukisia. Makaburini soma majina ya waliolala karibu na watu wenu, kwa sababu watu walizikwa kwa ujirani na kwa undugu. Kwa karatasi za serikali kuna Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Barua za wamishonari wenyewe ziko Uingereza, Chuo Kikuu cha Birmingham.

Lakini ujiandae. Makaratasi yaliandikwa na waliookoa, si waliookolewa. Unaweza kupata jinsia na kabila tu, "mvulana, Myao" au "msichana, Mmakua" na isiwe na neno jingine. Nimeona watu wakilia mbele ya mstari mmoja kama huo, na mimi sikuwa na la kuwaambia. Kwa hiyo nyanya wako ana kitu ambacho hakuna sanduku lolote la Birmingham linacho.

Mzee_wa_Kongowea

Binti, salaam. Mimi nimezaliwa 1951, si Mmisheni, wazee wangu ni Waislamu wa Kongowea, ila nimekua na watoto wa Freretown, tumecheza mpira nao na kuibiana maembe. Nitakwambia nionavyo.

Usimuulize utumwa. Neno lenyewe lafunga mlango. Ukimuuliza mtu "mlikuwa watumwa?" ushamvika nguo aliyoivua. Muulize mji. Muulize ile njia ya kwenda kanisani ilipita wapi, kengele nani alikuwa akiipiga na iligongwa saa ngapi, kwaya ilikuwa na akina nani, kisima kilikuwa wapi, mashamba ya mkonge ya Nyali yalianzia wapi, nani alifanya kazi huko. Sisi wazee ukituuliza maisha twanyamaza. Ukituuliza mahali, twaamka.

Na muulize daraja la zamani. Nyinyi mmelikuta hili la zege la 1980. Kabla yake kulikuwa na daraja la kuelea, tangu 1931, limewekwa juu ya maboya makubwa ya chuma. Maji yakijaa lapanda, yakipwa lashuka, na ukilikanyaga wahisi miguuni kwamba bahari iko hai. Magari yalilipa ushuru. Lori likipita, sisi watoto twashika ukingo tukicheka kwa hofu. Hakuna mtu wa umri wangu upande huu asiye na kisa cha daraja lile. Mpe nyanya yako kisa changu hicho kwanza, umwambie umetumwa na mzee wa Kongowea. Kisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi kubwa, na vijana hamuiwezi.

Mjomba wako naye usimzunguke. Mwambie unachofanya. Aliumizwa yeye, mwache aone kwamba humtafutii aibu nyingine.

Binti_Kengeleni

Mzee, shikamoo, na nashukuru sana. Swali: niweke simu nirekodi bila yeye kujua, ili asiogope?

Mtunza_Daftari

Hapana. Mwonyeshe simu, mwambie inashika sauti, na ukimaliza mchezeshee aisikie. Akisema futa, ufute mbele yake. Funga feni na redio, simu iwe karibu na kinywa chake, si katikati ya meza. Useme tarehe mwanzoni.

Mama_Mishomoroni

Kama ni kwa namna ya Mzee wa Kongowea, basi sina neno. Ila siku moja isizidi nusu saa. Wazee huchoka na hawasemi.

Binti_Kengeleni

Wenzangu, nimerudi. Imechukua wiki tatu.

Kwanza nilikwenda kwa mjomba. Hakukubali, hakukataa. Alisema tu kwamba atakuwa nyumbani siku hiyo.

Nikamwonyesha nyanya simu. Nikamwambia kuna mzee wa Kongowea anakusalimu, na ameniambia habari za daraja la kuelea na watoto walioshika ukingo. Akatabasamu. Akasema watoto wa Kongowea walikuwa na kelele. Akataja njia, akataja kisima, akanitajia nyumba kumi na moja kwa mpangilio, na majina ya wenyewe, bila kusita. Nimeziandika zote.

Halafu nikanyamaza kama nilivyoelekezwa. Ilikuwa vigumu kweli, dakika nzima nasikia jogoo wa jirani tu.

Akasema, "Babu hakulikanyaga daraja lile."

Babu yake yeye, mzaa mama. Alifariki nyanya akiwa na miaka tisa au kumi, kwa hivyo anamkumbuka vizuri, mikono yake na kikohozi chake. Kabla ya daraja watu walivuka kwa mashua, naye hakuvuka. Daraja likajengwa, vijana wakamwambia sasa babu utakwenda mjini kwa miguu yako. Akaenda hadi mwanzo wake, akaweka mguu mmoja, akahisi linavyocheza, akaurudisha. Akawaambia, "Hili si daraja. Hili ni jahazi lililofungwa kamba." Akarudi nyumbani. Alishushwa hapa akiwa mtoto mdogo, nyanya aonyesha kwa mkono, kimo cha meza. Aliiona Mombasa ng'ambo ya maji kila siku ya maisha yake na hakuwahi kuvuka kwenda.

Sikuuliza zaidi. Yeye mwenyewe aliomba chai.

Nilipomchezeshea sauti yake, mjomba alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Iliposimama akavuta kigoda akaketi karibu na mamake, akaniambia nirudishe pale pa jahazi.