Mbwa niliyepewa nimkalie kwa muda, natafuta mtu wa kumchukua moja kwa moja. Nifanyeje?

mamakelvin_moro
Wadau za jumapili. Naombeni ushauri kwa mnaojua mambo ya mbwa maana mimi sio mfugaji kihivyo. Kuna rafiki yangu huwa anaokota mbwa wa mtaani, anawatibu afu anawatafutia watu, sasa kwake kukajaa akaniomba nimkalie mmoja "wiki mbili tatu tu", hiyo ilikua kipindi cha masika mpaka leo ninaye. Tupo Kihonda, Morogoro. Ni jike, daktari wa mifugo alimwangalia meno akakadiria miaka miwili, mbwa wa kienyeji kabisa, rangi ya kahawia, sikio moja limesimama lingine limelala. Anaitwa Sijali.

Shida ni kwamba mimi nimepanga. Mwenye nyumba alikubali shingo upande na sasa chumba cha uani kinapata mpangaji mwenye mtoto ambaye akiona mbwa tu ni kilio, kwaio nimeambiwa mwisho wa mwezi mbwa asiwepo. Nimerusha tangazo kwenye magrupu ya wasap, "mbwa anatolewa bure", simu zimepigwa mpaka nikachoka lakini watu wenyewe sasa! Mmoja anauliza anazaa watoto wangapi kwa mkupuo, anataka kuuza. Mwingine anataka mkali wa kufunga mnyororo mchana kutwa. Mwingine kasema atamchukua ila nimpe na hela ya chakula. Waliobaki wakisikia ni jike wanakata simu, wakisikia sio "jemani" wanakata pia.

Kichaa cha mbwa kachanjwa, kadi anayo, dawa ya minyoo kapewa. Kizazi bado hajafungwa. Sitaki nimtoe afu siku nashuka stendi ya Msamvu namkuta anachakura jalalani. Mnapataje mtu wa kukaa nae kweli? Na nikimuuliza mtu maswali mengi si ataona najisikia, mbwa mwenyewe koko?

kijana_wa_mazimbu
Yani Moro hii hii panya wanasomeshwa kunusa mabomu ya ardhini afu mbwa anakosa pa kulala 😂😂 weka picha basi tumuone. Na usiku anabweka au ndo wale wa kumpokea mwizi kwa mkia?

Mzee wa Kupe
Dada pole na hongera kwa kumtunza. Mimi nimesaidia mbwa kadhaa kupata watu, nakwambia kwa uzoefu, kosa lipo kwenye neno BURE. Ukiandika bure wanakuja wote, wenye nia na wasio na nia, na kuchambua ni kazi yako. Mwambie anayemtaka achangie kidogo, hata kama ni nusu ya gharama ya kumfunga kizazi. Sio kwamba unauza mbwa, unapima tu, mtu anayelia na elfu kumi na tano leo, siku mbwa kapata homa ya kupe atampeleka wapi?

Pili tangazo lako linasema "mbwa". Mbwa wapo kibao mtaani, anayekwenda kumchukua huyu anataka kujua YUPI. Andika tabia zake zote, nzuri na mbaya. Anaogopa pikipiki? andika. Anachimba maua? andika. Amezoea watoto wakubwa ila wadogo hajawahi kukaa nao? andika hivyo hivyo. Mtu akimkuta kama ulivyomwandika hamrudishi. Ukificha kwamba anafukuza kuku, kuku wa kwanza akiliwa tu utaletewa mbwa usiku, au wasimlete kabisa, wakamtupe wanakojua wao. Picha usipige kwa kusimama juu yake, mbwa anatoka kichwa kikubwa na macho ya kuogopa. Chuchumaa, asubuhi kwenye mwanga, na mtu awe pembeni yake watu waone ukubwa wake.

Kizazi funga KABLA hajaondoka, usikubali ile "nitamfunga mwenyewe akifika", hawafungagi. Mbwa jike anaingia joto kama kila miezi sita na mimba ni miezi miwili tu, kwaio kabla mwaka haujaisha huyo mtu ana watoto sita uwanjani na Sijali ndo anageuka tatizo. Hapo ndipo majike wengi wanapotupwa. Na akishafungwa yule wa kuuza watoto anajitoa mwenyewe bila ugomvi. Wewe upo Moro una bahati, SUA, kile chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, wana hospitali ya wanyama pale pale chuoni, nenda kaulizie bei. Asile usiku kabla ya upasuaji, nyuzi zinatolewa kama siku kumi mpaka kumi na nne, na muda huo asilambe kidonda. Mwambie daktari amuangalie na huko nyuma kabisa, hawa waliokaa mtaani wanaambukizana uvimbe wakati wa kupandana, unaona damu inadondoka unadhani joto kumbe sio. Unatibika vizuri kwa sindano za kila wiki ila ni pesa, na mtu mpya asije akaukuta yeye.

Maswali uliza bila aibu. Nyumba ni yako au umepanga, na kama umepanga mwenye nyumba anajua? Mchana nani yupo? Ukisafiri mbwa anabaki na nani? Ila swali langu mimi ni moja, "mbwa wako wa mwisho alipatwa na nini?" Afu nyamaza usikilize. Mtu atakwambia alizeeka akafa, au aligongwa na gari, ni kawaida. Mwingine anakwambia alipotea, na wa kabla yake alipotea, na wa kabla ya huyo aligawiwa. Hapo umeshapata jibu, muage kwa heshima.

Baharia wa Nchi Kavu
Mnamfanyia usaili kama anaolewa 🤣 jamani huyo ni mbwa wa kienyeji, mpeni mtu mwenye shamba Mvomero akalinde mahindi na ngedere, basi, atakula na atakua na kazi. Babu zetu walifuga bila haya mambo ya fomu.

Mzee wa Kupe
Baharia shamba sio baya, mimi mwenyewe nimetokea huko. Tatizo ni shamba la msimu. Mahindi yakishavunwa mtu anarudi mjini na viroba vyake, mbwa anaachwa kule kwa sababu kazi imeisha, na ndo hao wanashuka vijijini kuokoteza. Kama ni shamba lenye mtu anaishi pale mwaka mzima, na anakula yeye na mbwa anakula, sina neno.

Baharia wa Nchi Kavu
Hapo sawa mzee nimekuelewa. Ila hilo swali la mbwa wa mwisho ningeulizwa mimi ningetoka jasho.

Bi Salma
Mwanangu mimi niko Tanga na sisi ni waislamu, nimeona watu wanaogopa kuwaambia jirani au familia ya kiislamu habari za mbwa kana kwamba ni matusi. Mbwa wa ulinzi na wa mifugo kwetu anafugwa, ila anakaa nje na mate yake tunajihadhari nayo kwa ajili ya swala, basi. Kwaio usimfute mtu kwa jina lake, ila umuulize wazi atalala wapi na nani atamshika. Kama Sijali amezoea kulala ndani miguuni kwako basi kwangu hatofaa, na ni vizuri nijue kabla. Na jambo jingine, onana na WATU WOTE wa nyumba ile, sio baba peke yake. Baba anapenda mbwa, mama hataki, mbwa anapigwa ufagio kila baba akitoka. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

mamakelvin_moro
Aisee asanteni sana sikutegemea. Nijibu maswali. Anabweka geti likiguswa, kwa mtu asiyemjua anabweka hasa ila hang'ati, akishakuona umekaribishwa anakuja kunusa viatu anaenda kulala. Kuku hafukuzi, jirani anao na wanapita puani kwake. Pikipiki ndo adui, boda ikipita na eksozi ya kelele anajibana nyuma ya pipa la maji mpaka iishe. Halali ndani, analala barazani kwenye kiroba.

Nimeandika tangazo upya jana na hayo yote hadi la pikipiki, lile neno "bure" nimelifuta. Simu zimepungua sanaaa mpaka nikaanza kujuta, ila jioni kapiga mama mmoja nesi mstaafu yuko Bigwa, nyumba yake, uzio wa michongoma, anakaa na mjukuu wa kidato cha pili. Nikamuuliza lile swali. Akanyamaza kidogo akasema alikua nae tangu mdogo, akapata uvimbe uzeeni, daktari alikuja nyumbani kumchoma sindano ya mwisho, na kamzika chini ya mwembe. Akaniuliza yeye sasa, anakula nini, kachanjwa lini, kwanini hajafungwa kizazi. Nilijiona mimi ndo nafanyiwa usaili 😅. Kakubali kuchangia upasuaji, rafiki yangu anamalizia. Wiki hii tunampeleka SUA afu nyuzi zikitolewa ndo ahamie, mwenye nyumba nimemuomba aniongezee siku kakubali kwa kununa.

Swali la mwisho, Kihonda na Bigwa mji mmoja, hatorudi kwangu?

Mzee wa Kupe
Atajaribu. Siku za mwanzo ndo mbwa wengi wanapotea, kwa sababu anatafuta njia ya kurudi na hajui mtaa, na kwa huyu muoga wa pikipiki barabara zile ni hatari. Uzio wa michongoma mbwa anapenya, kaangalieni chini kabisa kama kuna matundu muyazibe kwa matofali. Wiki mbili za mwanzo asitoke getini bila kamba, na kola iandikwe namba ya simu ya yule mama, sio yako. Mpeleke kabla ya siku yenyewe mara moja au mbili atembee uwanjani, anuse, ale kidogo pale, mrudi nae. Siku ya kuhamia nenda na kile kiroba chake bila kukifua. Chakula kisibadilike ghafla, kama ni ugali wa dona na dagaa mama aendelee na huo huo kwanza, mifupa ya kuku iliyopikwa asimpe inapasuka vipande vikali. Anaweza asile siku ya kwanza, ni kawaida, ila ikifika siku ya tatu hajagusa kitu apelekwe kwa daktari.

Kadi ya chanjo mkabidhi mkononi na mwonyeshe tarehe ya kurudia, ya kichaa inarudiwa kila mwaka. Na andikianeni hata karatasi moja, kwamba akishindwa kwa sababu yoyote anamrudisha kwako au kwa rafiki yako, hamgawii mtu mwingine. Mbwa anayegawiwa mara ya pili ndo huyo unayemkuta Msamvu.

Afu wewe usiende kumsalimia ile wiki ya kwanza. Ongeeni kwa simu. Ukienda ukiondoka analia upya.

kijana_wa_mazimbu
Dada siku ya kumpeleka ongea na dereva wa bajaji mapema, wengi wanagoma kupakia mbwa mpaka uwaongeze hela. Kuna mshkaji wangu ana kirikuu ya kubebea mizigo, ntakupa namba inboksi, haina kelele za eksozi hata kidogo. Picha bado hujaweka lakini.

mamakelvin_moro
Picha hiyo hapo chini, nimechuchumaa kama nilivyoelekezwa, kanilamba simu. Namba naisubiri inboksi.