Mvua ya masika na picha za Tingatinga

Muulizaji:
Habari zenu, ndugu. Jumamosi mvua ya masika ilitukuta, mimi na rafiki yangu, kwa wachoraji wa mtindo wa Tingatinga pale Oysterbay, Dar es Salaam, tukakaa saa nzima tukitazama picha huku maji yakigonga mabati. Rafiki yangu alinunua chui mwenye macho ya manjano, na ingawa picha ilinyeshewa njiani, rangi haikuchuja hata kidogo. Je, ni rangi gani hiyo?

Mchangiaji wa kwanza:
Ni rangi ya mafuta, ile ile ipakwayo baiskeli, ambayo Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, alianza kuitumia mwaka 1968 juu ya vipande vya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Ikishakauka haipitishi maji, na ndiyo sababu inang'aa hivyo.

Mchangiaji wa pili:
Naomba kuongeza tahadhari. Hadibodi ikilowa kwa nyuma huvimba na kujikunja, kwa hiyo rafiki yako aipanguse picha kwa kitambaa kikavu, kisha ailaze kivulini, wala asiianike juani.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Nimempigia simu, naye amekuta kona ya chini, karibu na mkia wa chui, imeanza kuvimba.