Buruburu inauawa na ekstensheni na hakuna mtu anauliza

Wadau leo nimechoka, wacha niseme tu. Jirani hapa koti yetu (nyumba zinazozunguka uwanja mmoja) mtaani Buruburu, Eastlands ya Nairobi, anajiandaa kumwaga slabu ya ghorofa ya tatu, ukuta umefika mpaka kwa lami, ua wote wa kayaba aling'oa wikendi moja. Dirisha letu la jikoni sasa linaangalia mawe na nondo, saa sita mchana lazima niwashe stima ndio nione kilicho kwa sufuria.

Buruburu haikujengwa hivi. Ilianza 1973 ikajengwa kwa awamu tano, nyumba zikapangwa kwa makoti, paa za vigae vyekundu, kila mtu na kabustani kake mbele, gari ikiingia koti haina pa kutokea upande wa pili kwa hivyo watoto wanacheza bila wasiwasi. Huo urembo haukuota wenyewe, kuna watu walipima wakaacha nafasi wazi makusudi. Sisi tukaona hiyo nafasi ni pesa imelala. Sasa ni bedsita mbele, duka upande wa barabara, mabati ya bluu yamekalia vigae, na mifuniko ya sewa imejengewa juu, ikiziba uchafu unatokea mlangoni kwa mtu mwingine kabisa. Na bomba ni lile lile la familia moja.

Na msiniambie Nairobi haina plani. Kuna ya 1948 ya wakoloni, ilijaa ubaguzi lakini hata hiyo ilitenga nafasi wazi mitaani, kuna ya 1973, kuna NIUPLAN, ile plani ya jiji ya 2014 hadi 2030, na sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inasema hujengi bila ruhusa ya kaunti. Makaratasi tunayo mengi sana!! Halafu kuna wale wanasema eti urembo ni mambo ya mitaa ya matajiri kama Karen na Muthaiga, hiyo ndio inaniuma zaidi, kwani mtu wa Eastlands hana macho?

Nimeuliza ofisi fulani kama huu mjengo una ruhusa, nikaambiwa mwenye faili ametoka. Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, 1989 aliandika barua na kelele ikapigwa mpaka lile jumba la ghorofa 60 halikujengwa Uhuru Park, kwa hivyo mimi sinyamazi. Kuna mtu humu amewahi kusimamisha mjengo kabla slabu haijamwagwa? Barua inaandikiwa nani, na inaambatanishwa nini? Majirani kadhaa wamekubali kutia sahihi, nataka kuipeleka Jumatatu asubuhi.